Stambuli, Mshika Kamba wa Mume Wangu

Stambuli wa Mambrui alikuwa mchimba visima, kama mume wangu Seif. Mtu mfupi, mabega mapana, tambuu haimtoki kinywani hata kazini. Kabla sijaolewa aliniposa. Baba akamkatalia, akanioza kwa Seif. Tangu hapo wawili hao hawakusemezana. Hata mkono wa Iddi hawakupeana. Mimi Stambuli hakunitazama tena.

Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa kabisa. Kisima cha msikiti ulio nyuma ya nyumba yetu kikakauka. Wazee wakawaita wote wawili, wakawaambia, "Chimbeni kingine pamoja, au tutafute watu Malindi." Wakakubali huku wamenuna. Seif akawa wa kushuka, Stambuli wa kushika kamba juu.

Usingizi ukanipaa. Mume wangu yuko chini ya ardhi, na anayemteremsha na kumpandisha ni mtu aliyenitaka.

"Mwenzangu, roho yako iko mkononi mwake," nikamwambia Seif.

Akacheka. "Akiniua atakurithi wewe pamoja na mama yangu. Hathubutu."

Wachimbaji wengine huzungumza muda wote, ili wa juu ajue kwamba wa chini anavuta pumzi. Hawa walikuwa kimya. Seif akivuta kamba, Stambuli anapandisha ndoo ya mchanga, basi.

Adhuhuri moja nilipeleka chakula, mtoto kiunoni, mama mkwe wangu Bi Shekha yuko nyuma yangu. Stambuli amesimama, kamba imelegea mkononi.

"Ndoo ya mwisho imepanda lini?" nikamuuliza.

Akaitazama kamba. Nikainama kisimani. "Seif! Baba Awadh!"

Giza tu.

"Umemuua mwanangu!" Bi Shekha akapiga ukelele. "Hasidi we! Ulikuwa wamngojea mkewe!"

Stambuli alikuwa amepauka. "Nilidhani amenuna tu," akasema. "Ni hewa. Hewa ya chini imeharibika." Akafunga ncha ya kamba kwenye nguzo, kisha akanitazama. "Mahfudha, nikiitikisa, vuteni." Akabana pumzi, akateleza kwa kamba mpaka tusimwone.

Kamba ikatikisika. Nikamweka mtoto mchangani, tukavuta, mimi, Bi Shekha na majirani waliotoka mbio majumbani. Kamba ilinichuna viganja. Aliyetokea ni Seif, amefungwa kwapani, shingo imelala upande. Tulipomlaza akakohoa, akafumbua macho.

Tukaitupa kamba tena. Haikushikwa.

Seif sijui nguvu alizipata wapi. Alitambaa hadi ukingoni, akaita jina ambalo sijapata kulisikia kinywani mwake.

"Stambuli! We Stambuli! Nijibu, punda we!"

Tukangoja. Mtoto alikuwa akilia mchangani, maziwa yakinilowesha nguo, nami siwezi kugeuka.

"Punda ni babako." Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mgonjwa. Kamba ikakaza. "Vuta."

Siku ya pili walipumzika, wakitia matawi kisimani na kuyapandisha, kupunga hewa. Siku iliyofuata Seif akashuka tena, kwani maji hayakuwa yamepatikana. Tangu asubuhi wakawa wanatukanana, wa juu na wa chini, wapita njia wakicheka. Mimi sikucheka. Nilikaa uani na viganja vyangu vilivyochunika, hata mtoto simshiki vizuri, nikiwasikiliza. Wakinyamaza kidogo tu, nasimama.