Kiwiko cha Shija

Nina miaka themanini na moja, nimewazika waganga wote walionitabiria kifo. Jicho langu halikosei!

Mjukuu wangu Shija, mrushaji wa kasi wa kriketi, alisimamishwa kwa kukunja kiwiko akirusha, kosa katika mchezo huo. Keshokutwa anapimwa tena mkono Dar. Akikunja, ndiyo basi.

Leo mazoezini hapa Tabora alirusha mkono umenyooka, tukapiga makofi.

Mpigaji, Chiwanga, Mgogo mtani wetu tangu enzi za misafara, akamchokoza: "Wewe Mnyamwezi, babu zako walibeba pembe mpaka pwani, wewe kampira tu kamekushinda?"

Shija akafyatua. Vijiti alivyokuwa akivilinda Chiwanga vikaruka, watu wakashangilia.

Lakini kiwiko kilikunjika, nimekiona. Kocha alitazama chini tu.

Sasa Shija anafua jezi ya safari, anaimba. Nimwambie, jamani?

Mkibisha, muulizeni Chiwanga, aliyekuwa akiutazama mkono ule uso kwa uso. Tangu mpira ule hajatania tena.