Motion ya Avenue Maçons

Kama kuko mutu mu Kolwezi yenye alisha kuandikia bakubwa aksanti mingi na habakumupa hata kiti ya kuikala, ni Tata Nkongolo. Mi Laurentine nasema hivi juu mi njo nilikuwa napiga ile aksanti yote ku machine, kompyuta yangu. Kibanda yangu iko Manika, mbele ya ofisi moja ya serikali. Napiga makaratasi, nafanya photocopie. Batu banasema niko na mudomo. Ni kweli, niko nayo.

Tata Nkongolo alikuwa mwalimu, miaka makumi tatu na mbili mbele ya tableau. Baba yake alitoka Kasai juu ya kazi ya mugodi. Yeye alizaliwa hapa, alioa hapa, alizika bibi yake hapa. Mu mwaka ya 1993, wakati batu ya Kasai balikuwa banafukuzwa mu Katanga, aliikala ku gare na batoto yake wiki tatu, anangojea train. Majirani ya avenue yake, Avenue Maçons kule Kasulo, batu ya Katanga, balienda kumutosha pale na kumurudisha mu nyumba yake. Tangu ile siku, avenue ikimutuma, anaenda. Hata mvua inyeshe.

Na avenue ilikuwa inamutuma kuandika motion. Kwetu, bakisoma tu ku télé kama fulani amepewa kiti ya ukubwa, mbele hata hajaikalia, makanisa na mavenue yote banakimbia kumuandikia motion de soutien: tunafurahi, tunashukuru, tuko nyuma yako. Ya kwanza kufika inasomwa ku radio, na pengine mukubwa ataikumbuka siku ya kugawa bitu. Ya kumi na mbili banafungia nayo kalanga.

Njo maana Tata Nkongolo alikuwa na namna yake ya kutumika. Bruit ya nomination, kama kuko mutu atapewa kiti, ikianza tu, anapita nyumba kwa nyumba na makaratasi: jina, numero ya nyumba, signature. Kwa bale habayue kuandika, kidole mu wino. Juu ya karatasi, hakuna neno hata moja. Jina ya mukubwa bado haiyulikane, utaandika nini? Bakisha kuisoma ku télé, asubuhi anakuya kwangu, napiga page ya kwanza, tunaifunga na agrafe, kale kapini ka chuma, ku ile makaratasi, na Avenue Maçons inakuwa ya kwanza. Mara tatu ilikuwa ya kwanza. Balipata nini? Bomba moja. Maji ndani, hapana.

Mi nilimuambia, "Tata, signature bila kichwa ni kitu mubaya."

Alicheka. "Mama Laurentine, sisi hapa tunayuana."

Sasa, mwaka ile, kiti ilienda ku Kabongo. Kabongo tulikuwa tunamuyua ku radio, kila siku ya mungu kisha misa. Alikuwa analia na serikali: hakuna mutu ya Kasulo atahamishwa bila kuulizwa! Baulizwe moja moja! Baweke signature! Mi mwenyewe niliacha bukari ku moto ikaungua juu ya kumusikiliza. Basi bakamupa kiti ya Coordonnateur ya ile ofisi mbele ya kibanda yangu, ile yenye inaangalia mambo ya kuhamisha batu pale kuko madini. Avenue Maçons walicheza mu njia. Yo! Leo tuko na mutu ya kwetu!

Kesho yake, saa kumi na mbili ya asubuhi, Tata Nkongolo alikuwa ku mulango yangu na makaratasi yake, manyumba makumi sita na ine. Mu ile, kulikuwa kidole ya Mama Odile, mujane ya numero 12. Hayue kuandika; ni Tata mwenyewe alimukamatia kidole na kuilalisha pale. Nilipiga page ya kwanza: "Tunashukuru juu ya mutoto wetu yenye anayua machozi yetu." Kabongo aliipokea na mikono mbili, balimupiga photo.

Kisha miezi ine, motokari ya haut-parleur ikapita, inatangaza: avenue itabomolewa, batu ya pale bataenda ku lotissement mupya, biwanja byenye serikali ilikata, mbali kabisa, njia ya Tenke. Na ile sauti ikaongeza: benyewe ya manyumba balikubali.

Balikubali wapi? Batu bakapanda bapikipiki, bakajaa ku ofisi, mi naangalia na macho yangu. Kabongo akatoka na costume, akawaonyesha dossier. Page ya kwanza ilikuwa mupya: "Sisi batu ya Avenue Maçons tunakubali kuhama." Nyuma yake, makaratasi yao wenyewe. Majina yao, manumero yao, kidole ya Mama Odile.

"Si mi njo nililomba muulizwe?" akasema. "Basi, muliulizwa. Muliweka signature."

Musiniambie kiti njo ilimugeuza. Kiti haina mikono. Ni yeye njo alitosha agrafe. Na siku ya mungu yenye ilifuata alikuwa mu kanisa, benchi ya mbele, anaimba kushinda batu yote. Fii! Haya hana.

Lakini batu habakumutukana Kabongo. Yeye eko na bapolisi ku mulango. Balimutukana Tata Nkongolo. "Mukasai alituuzisha." Bale bale balimutosha ku gare. Mama Odile peke yake hakumutukana. Alienda kwake, akasimama, akamuuliza, "Tata, kidole yangu ilisema nini?" Tata Nkongolo alinielezea ile neno mwenyewe.

Avocat moja, mutu ya sheria ya parokia, akamupa njia. Alisema, mukipata ile motion ya kwanza mu machine, na siku yenye ilipigwa, na mutu yenye aliipiga akuye kuhakikisha na signature yake, juge anaweza kusimamisha ile kazi ya kubomola. Basi Tata akakuya kwangu. Akatosha kofia.

"Mama Laurentine, hakuna mwingine. Ni weye tu."

Motion ilikuwa pale, mu machine. Nilikuwa nayo. Niliangalia mulango ya ile ofisi: nusu ya kazi yangu inatoka mule, na kibanda yangu iko ku kiwanja yao. Niliona batoto yangu. Nilisema, "Tata, machine ilikufa. Virus ilikula bitu byote."

"Oh, pole sana, mama. Na sasa kazi utafanya namna gani?"

Alinihurumia. Mungu wangu, yule muzee alinihurumia mi. Alipoenda, nilifungula machine na nikafuta ile motion. Haikunichukua hata dakika.

Kesho yake alirudi na Stany, mutoto ya dada yake, mwanaume muzima mwenye kutengeneza bamachine ku soko. "Atakutengenezea bure, mama. Usihangaike." Nilimupa kiti. Stany akaikala, akawasha, akatafuta kidogo.

"Tonton, machine iko muzima. Ila kuko kitu ilifutwa jana mangaribi. Inaitwa Motion Maçons. Haiko ya kurudisha."

Tata Nkongolo alivaa lunettes yake ya kusomea, akasoma pole pole ile mustari. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningejibu, mi mutu ya mudomo. Akatosha lunettes.

"Stany, twende. Tunamuchelewesha mama na kazi yake."

Leo, pale Avenue Maçons, kuko ukuta murefu, na ndani mashimo. Mama Odile alifia kule lotissement mbele ya mwaka kuisha. Tata Nkongolo, banasema eko ku mutoto yake Likasi. Sikuthubutu kuuliza vizuri.

Kabongo, batu bote banamulaani, na mi nilimulaani hapa, mumesikia. Lakini kuko kitu sijasema. Wiki ile ile ya Stany, Kabongo alinitumia kazi: mabarua ya kuhama, makumi sita na ine, kila moja na jina ya mutu. Nilizipiga zote. Yenye ilikuwa ya Tata Nkongolo niliisoma mara mbili nisiache kosa ndani, juu alikuwa mwalimu.