Mama Yangu Ananiamkia Shikamoo

Admin, nifichie jina, maana Masasi hii tunajuana mpaka kwa mwendo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina mtoto mmoja, na naandika nina hasira, hivyo mnivumilie.

Nafanya kazi kwa wakala. Tangu wawekezaji waingie, makampuni hayataki kero: ulinzi wanampa huyu, usafi yule, simu za wateja zinapokelewa Dar, mishahara inapigiwa hesabu hata nje ya nchi. Sisi tunapewa watu. Tunaajiri kwa niaba ya kampuni na tunafukuza kwa niaba yake, ili mwenye kampuni asitukanwe.

Mama yangu, wa Kitangari, amebangua korosho kwenye kiwanda kimoja tangu kikiwa cha serikali. Vidole vyake vimeliwa na mafuta ya maganda, na ndivyo vilivyonisomesha. Mwekezaji akaamua kina mama wote waachishwe, warudi kama vibarua wetu wa msimu, bila matibabu. Nikatumwa mimi kuwaambia. Nilimsihi bosi wangu amtume mwingine, akacheka, akasema mimi ndiye ninayejua Kimakonde chao.

Mama nilimwambia abaki nyumbani, karatasi yake nitampelekea mwenyewe. Nikaweka meza kiwandani, wakawa wanakuja mmoja mmoja kuweka dole gumba. Sikuwatazama usoni, ningeanzia wapi? Wanawake wa kunizaa walikuwa wananiamkia mimi, kwa hofu ya kukosa hata hicho kibarua. Nami kichwa chini, marahaba, weka hapa, mwingine.

"Shikamoo, bosi."

Nikajibu marahaba. Halafu dole likashuka kwenye karatasi, limebabuka, halina ukucha. Nikalijua kabla sijainua macho.

Mama alijifuta wino kwenye kanga, akaondoka, na wenzake wakanitazama kama takataka.

Nimekwenda kwake na mchele na sukari, nimepiga magoti. Hagombi, na hapo ndipo anaponimaliza. Ananifutia kiti mbele ya mwanangu, anainama, "Shikamoo, bosi." Nikamwambia mama, basi, inatosha.

"Kwani si uliitikia?" akasema.

Sasa msimu unafunguliwa, na bosi ameniagiza niwakate wote wenye vidole vibovu. Nikikataa, nafukuzwa, na chakula cha mama na cha mwanangu kinatoka kwangu. Nikikubali, namkata mama yangu kwa mkono huu aliousomesha.

Jumapili nakwenda Kitangari, na najua ataniamkia. Nishaurini jamani, nimjibu nini?