Picha ya Bati kwenye Reli ya Zamani

Wazo lilikuwa langu, simsingizii mtu. Msako ulikuwa umepamba moto Guangzhou. Polisi walisimama mlangoni pa Tianxiu, jengo la maduka tunakonunulia bidhaa Waafrika, wakidai pasipoti kwa kila mweusi. Yangu ilikuwa sawa, lakini ya mume wangu ilikuwa kwa wakala, viza imekwisha, tunangoja aongezewe. Akikamatwa angewekwa ndani, kisha arudishwe Tanzania asikanyage tena China, na biashara yetu ndiyo basi. Nikamwambia, "Baba watoto, Jumapili hii tusikae huku mtaani kwetu Xiaobei. Twende kule kwenye reli ya zamani, tujifanye watalii."

Jamani, akili gani ile! Xiaobei tulikuwa wengi. Kule kwenye gari moshi la makaa, lililopakwa rangi upya watu walitazame, weusi tulikuwa sisi wawili tu. Watoto walitukodolea macho, mama zao wakatuelekezea simu.

Palikuwa na mzee anayepiga picha za kizamani, za kwenye bati. Mume wangu akataka moja. "Ya karatasi inafifia," akasema. "Hii hata wajukuu wataikuta." Mzee akamkalisha mbele ya behewa, akamwekea chuma kisogoni asitikisike, akatuonyesha kwa mikono kwamba akisogea kidogo tu, sura inaharibika.

Nikamtania, "Leo umepatikana, wewe usiyetulia hata kanisani."

Mzee akafungua kifuniko cha kamera. Mara nikaona macho ya mume wangu yameganda, yanatazama juu ya bega la mzee. Nikageuka. Polisi wawili. Nilitaka kumpigia kelele akimbie, lakini mmoja wao akaweka kidole mdomoni, ninyamaze, nisimharibie mzee kazi. Wakasubiri kwa adabu kabisa. Adabu ile ilinitisha kuliko kirungu. Mume wangu hata hakupepesa jicho.

Kifuniko kikarudi. "Huzhao," akasema polisi, kiganja amekinyoosha kupokea pasipoti. Mume wangu akampa fotokopi. Polisi akatikisa kichwa, akamshika mkono.

"Usilie," mume wangu akaniambia. "Wewe ngoja picha."

Mzee alikuwa ameshalitumbukiza bati kwenye beseni la dawa, akanivuta nione. Kwanza ulikuwa ukungu mweupe, kisha likatokea paji la uso, pua, halafu yale macho. Loo, alivyopendeza! Nikasahau kila kitu, nikaita, "Baba watoto, njoo uone!"

Nilipoinua kichwa, gari la polisi lilikuwa limeshaondoka naye.