Mama wa Kambi mu Kuple ya Pili

Mpaka leo ninaisikia groupe, ile jenereta yetu, ikilia tu-tu-tu-tu nyuma ya ukuta wa studio. Ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kazi. Fundi wa sauti alitundika magodoro ukutani ili mulio usiingie mu mikro, lakini uliingia tu.

«Usiogope, mudogo. Rapa kwa nguvu, uishinde!»

Nikarapa mpaka koo ikauma, nikatoka ninacheka.

Ninyi munaoanza sasa munarekodi kwa telefone. Wakati wangu, rapa wa Bunia alitafuta nyumba ya muziki: inakupa studio, inapeleka wimbo ku radio, na weye unaweka sahihi kwamba sauti ni yao. Masomo yangu ni kidogo, karatasi zilikuwa nyingi. Nikaweka sahihi na furaha yote.

Patron wa nyumba hakuwa mutu mubaya. Mama yangu alipougua, alikuja kumusalimia na ndizi. Lakini alipenda mabanga kuliko muziki. Mabanga ni majina ya wakubwa ambayo mwimbaji anayatupa katikati ya wimbo, nao wanalipa: mwenye hoteli, muuza dhahabu, mutu anayetaka kura. Ukitajwa, weye ni mutu.

Basi mu wimbo wangu, kuple ya pili, ndiyo ubeti wa pili, nikatupa mabanga yangu mwenyewe: mama wa kambi, waliokimbia vita ya Djugu pamoja na mama yangu. Mama Lotsove. Mama Dhesi mwenye kufuma vikapu. Mama Ngave. Nikaenda kuwaambia: Jumapili mukae karibu na radio. Vigelegele vilivyopigwa!

Ikafika siku ya miksaje, kuunganisha sauti na beat. Kuple ya pili ikapita, imebandikwa mabanga ya kuple ya kwanza: mwenye hoteli, muuza dhahabu, mwenye hoteli tena.

«Patron, mama zangu wako wapi?»

«Nani anamujua huyo Mama Dhesi?»

«Mimi.»

Fundi akacheka. Patron naye: «Mutoto, siku Mama Dhesi atafungua hoteli, tutamuita.»

«Lakini nilishawaambia watasikia majina yao.»

«Enda uwaambie tena. Sauti ni ya nyumba.»

Nikastaafu siku ile ile. Sijui kama kuna rapa aliyestaafu na meno yote kama mimi. Leo ninasuka nywele kwetu Ngezi, na wateja wangu wanasukwa muziki ukilia. Wimbo ule ukipita ku radio ninauacha upite. Beat ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya.

Lakini Jumapili ile, mbele ya saa ya wimbo, nilienda kambini nikawaeleza yote. Niliogopa kuwaangalia. Mama Dhesi akazima radio.

«Kwani mudomo wako pia ni wa patron? Imba hapa!»

Nikarapa bila beat, wao wakinipigia makofi. Jina la mutu likifika, anasimama, anajinyoosha kitenge, wengine wanamucheka. Nilipomaliza, sauti zikatoka nyuma: «Na siye je? Tuweke na siye!»

Jioni nikarudi kwa miguu, peke yangu, nikiyasema majina mapya kwa sauti yasinipotee, nikitafuta lipi linapatana kwa vina na lipi.