Basi la njano kwenye kikao cha wazazi

Leo binti yangu amenifunga mdomo mbele ya wazazi wote, na alichosema ni "Baba" tu.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya serikali hapa mtaa wa Gerezani.
Mchana tulikuwa na kikao, uwanjani, maana madarasa hayatoshi hata watoto.
Nikawaambia wazazi wasihamishe watoto. Tuvumilie, shule hii ni yetu sote.
Nikapigiwa makofi jamani.

Sasa binti yangu anasoma shule binafsi Upanga. Basi lao huwa linamshusha dukani kwangu.
Leo dereva kaniona pale kikaoni, akaona anirahisishie.
Akasimama getini.

Mtoto akashuka na sweta lake la nembo, akanikimbilia: "Baba!"



Mama Zuhura, muuza vitumbua, ambaye mwanawe yuko la tatu na anakaa sakafuni, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, sikulaumu. Ningekuwa na uwezo, wangu angekuwa kwenye basi hilohilo. Ila kuvumilia usituambie tena."

Mngekuwa nyie mngejibu nini?

Mimi nilipokea begi la binti nikaondoka. Madirishani mwa madarasa watoto wao walikuwa wamejazana, wanaliangalia basi.