Santuri ya Bibi na Santuri ya Ukumbini

Mwandiko wangu ni wa kuparura kama kuku, na shule yangu iliishia darasa la saba. Ukikuta herufi imeruka, iruke na wewe, tuendelee. Naandika polepole, lakini haya nimeyaweka moyoni muda mrefu.

Enzi zetu (najua wazee watacheka kusikia mtu wa umri wangu akisema enzi zetu), muziki ulisikilizwa kwa kukaa chini. Leo vijana wa hapa kwetu Kitete wanatembea na redio kaseti begani, wanapiga soga, wanagombana, na muziki unalia peke yake kama mtoto aliyesahauliwa sokoni. Waulize ni wimbo gani, hawajui. Wanachojua ni kwamba betri ni mpya.

Kwetu kulikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Mzungu mmoja wa reli alimwachia baba alipofungasha kurudi kwao baada ya uhuru. Alimwachia pia santuri mbili nzito za muziki wa ala tupu, usio na mwimbaji hata mmoja. Jina lake liliandikwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua nyumbani, kwa hiyo tuliuita Muziki wa Mizinga. Ulianza taratibu, fidla zikilia kama watu wanaosali, kisha ukachafuka, na mwishoni kengele ziligongwa na mizinga ikalia. Ulijaza pande zote nne za santuri zile. Baba alipokuwa akigeuza upande, mama alipitisha sinia la karanga na matobolwa, viazi vile vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani. Muziki ukianza tena, taya zote zilisimama. Baba alikuwa na neno lake la kila Jumapili: "Anayetafuna wakati wa fidla akale jikoni na kuku."

Lakini mwenye muziki hasa alikuwa bibi, mama yake baba. Alikulia Kigwa, na baba yake alikuwa mpagazi aliyebeba pembe hadi pwani. Alitueleza kwamba msafara ukikaribia nyumbani, wanaume walifyatua bunduki: moja, wakatulia, nyingine, wakatulia, ili walio nyumbani wapate muda wa kutoka kuwapokea. Basi mizinga ya santuri yetu ilipofika, ambayo nadhani ilikuwa ngoma kubwa tu, bibi alifumba macho na kuitikia kila mlio kwa kichwa. Wa mwisho ukitulia, alisema, "Haya, wamefika," akaomba ugoro wake.

Halafu springi ya gramafoni ikakatika. Nyakati zile hata sabuni ilikuwa ya kupangia foleni, sembuse springi. Kifua cha bibi nacho kilikuwa kimeanza kumchosha, na alichokuwa akiomba ni kimoja tu: awasikie wakifika mara moja tena. Mashine nyingine ya santuri tuliyoijua ilikuwa radiogramu ya ukumbi wa jamii, chini ya afisa mmoja tuliyemwita Bwana Utamaduni. Baba alikwenda kumwomba, nami nikafuatana naye.

"Mzee wangu, hizo si santuri, ni vigae," alisema Bwana Utamaduni bila hata kuzishika. "Sisi tumeletewa mpya na nchi rafiki. Muziki ni huohuo, ila hii ina mizinga ya kweli. Tena ni stereo!"

Radiogramu ile ilikuwa na spika mbili. Moja ilishakufa, mende wamehamia ndani. Lakini watu waliokuwepo walitikisa vichwa kwa heshima. Eti stereo.

"Ndugu, ni mama yangu anaomba," alisema baba.

"Basi waamue wananchi. Jumapili itapigwa yenu na yetu. Itakayoshinda ndiyo itakayopigwa hapa. Nyingine irudi kwako kabatini."

Jumapili baba alimpakia bibi kwenye baiskeli, akaisukuma hadi ukumbini. Ilianza santuri mpya. Sitaidhulumu: fidla zake zilikuwa safi kama maji ya kisima. Nani alizisikiliza? Watu walipiga soga mwanzo hadi kati, wakingoja mshindo. Mshindo ukaja, mizinga yote kwa mkupuo, inapandana na kengele, kama sufuria zinazoanguka kutoka rafuni. Watu wakashangilia kama timu imefunga bao.

"Mayu, umeionaje?" baba alimuuliza mama yake.

"Hao hawajafika," alisema bibi kwa sauti. "Hao wanafukuzwa."

Ukumbi mzima ulicheka. Kijana mmoja wa mstari wa nyuma alidakia, "Bibi, waache wakimbie, wana viatu!"

Ikawekwa yetu. Ilikwaruza, sikatai. Upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Baba alipoinuka kuweka wa nne, ule wa mizinga, Bwana Utamaduni alikwishainua mkono. "Inatosha, ndugu wananchi, tumesikia mikwaruzo ya kutosha. Tupige kura."

"Bado upande mmoja, mwanangu," alisema bibi.

"Bibi, muda."

Mpya ilipata msitu wa mikono, hata ya watu waliokula karanga zetu miaka yote. Ya bibi ilipata mikono miwili, wake na wa baba. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, katikati ya wenzangu wa shule waliokuwa bado wanacheka. Nilizijua santuri zile upande kwa upande. Niliona haya. Mkono wangu ulibaki mapajani.

Bibi alifariki kabla ya mvua za kwanza, na springi haikupatikana.

Sasa wamekuja hawa wa kaseti. Juzi nimemkuta mmoja amerekodi mizinga peke yake, bila fidla, bila kengele. Ikiisha anairudisha. Ikiisha anairudisha. Zamani tulingoja pande tatu ndipo tupate wa nne. Hawa wanafika bila kusafiri, na hawana wa kuwapokea.

Kama ulikuwemo ukumbini Jumapili ile, niandikie kupitia gazeti hili, hata kwa mistari miwili. Ni ipi iliyokuwa na mshindo mkubwa, usinieleze, wote tulisikia. Niambie tu kama nawe ulitaka kunyoosha mkono, ukaona haya.